King'ora Kimelia Usiku: Nani Athibitishe Kabla ya Polisi Kuitwa?

Ilikuwa saa nane usiku nilipopigiwa simu. Wakati huo mimi ndiye niliyeshika funguo za ukumbi mmoja, na king'ora chake kilikuwa kinalia. Nilipofika niliwakuta polisi wawili wameshauzunguka kwa tochi, mmoja mbele, mmoja nyuma. Milango yote ilikuwa imefungwa, hakuna kioo kilichovunjika. Tuliingia pamoja. Chini kidogo ya dari, puto la rangi ya fedha lililosahauliwa baada ya sherehe lilikuwa likielea taratibu, likisukumwa na hewa ya kiyoyozi, likipita mbele ya kitambuzi cha mwendo na kurudi. Askari yule mkubwa aliliangalia, akazima tochi yake, akasema: "Ndugu yangu, kuna mtu mwingine anatusubiri." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mzigo huu si wa ukumbi mmoja. Kwa mujibu wa mwongozo wa Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu ving'ora vya uongo, mwaka 2002 polisi wa nchi hiyo waliitikia ving'ora takribani milioni 36, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 1.8. Kati ya kila ving'ora vya wizi 100, 94 hadi 98 vilikuwa vimelia bure, na kila safari ilikula kama dakika 20 za askari, mara nyingi wawili. Majirani nao huchoka. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na king'ora kinacholia kila wiki hugeuka kelele za mlango kwa mtaa mzima.

Watu wengi wakichoshwa na hali hii huuliza wanunue king'ora gani kipya. Kwa maoni yangu swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza ni hili: kikishalia, nani au nini kitathibitisha kwamba pana mtu ndani kabla askari hajatumwa? Majibu yaliyozoeleka ni manne: simu, kitambuzi cha pili, picha na sauti, au mlinzi anayefika mwenyewe. Kila moja lina watu linaowafaa.

Vipimo nilivyotumia

Nimezipima njia zote nne kwa mambo yaleyale. Kwanza, inanasa kosa lipi, maana kuna makosa ya watu (namba ya siri iliyosahauliwa, mlango usiofungwa vizuri) na makosa ya vifaa (betri, joto, wadudu), na njia inayomaliza aina moja huweza isiguse nyingine kabisa. Pili, inaongeza muda gani kabla polisi hawajaitwa. Tatu, inakwama wapi. Nne, inamdai nini mwenye jengo: fedha, usingizi, au faragha. Tano, polisi wataambiwa nini, kwa sababu askari anayeambiwa "king'ora kimelia" na anayeambiwa "watu wawili wako ofisini, mmoja ameshika nyundo" hawaendi kwa namna moja.

Kabla ya kuchagua, soma kumbukumbu za king'ora

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nimeona watu wakilipia kamera ili kutibu ugonjwa wa skrubu moja iliyolegea.

Kisanduku kikuu cha king'ora huweka kumbukumbu: saa, tarehe, na kitambuzi kilichoanza. Mwombe fundi au kituo cha uangalizi (kampuni inayopokea ishara za king'ora chako) akupe orodha ya miezi 12 iliyopita, ukae nayo kwa utulivu. Kama makosa yanarundikana kwenye saa za kufungua na kufunga, tatizo ni watu. Kama yanatokea saa ileile ya mchana siku za jua kali, tazama dirisha lililo mbele ya kitambuzi. Kama ni kitambuzi kilekile kila mara, bila mpangilio wa saa, panda ngazi ukakiangalie kwa macho.

Mimi nilipanda. Kitambuzi cha kawaida cha mwendo hakioni umbo la mtu. Kinapokea miali ya joto kupitia lenzi ya plastiki iliyogawanywa vipande vipande, na joto likihama ghafla kutoka kipande kimoja kwenda kingine, kinahesabu kwamba kuna kiumbe amepita. Kwenye kona ya lenzi nilikuta buibui mdogo amefuma utando wake. Buibui aliyeko mita 10 si kitu, lakini akitembea juu ya lenzi yenyewe anakuwa mkubwa kama mtu. Kitambaa laini na dakika tano vilimaliza makosa ya miezi miwili.

Vivyo hivyo kwa pazia linalopeperushwa na hewa ya joto, paka aliyefungiwa ndani, sumaku ya mlango (ile inayojulisha king'ora kwamba mlango umefunguliwa) iliyosogea kwa sababu mbao imevimba, na betri ya akiba iliyozeeka. Betri hizo kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na ikishachoka, umeme ukikatika tu king'ora kinaanza vituko.

Kwa makosa ya watu, muda wa kuingia na kutoka ndio mwanzo. Kiwango cha Marekani kiitwacho CP-01, kilichoandikwa mahsusi kupunguza ving'ora vya uongo, kinataka mtu anayetoka apewe angalau sekunde 45, na kifaa kikitoka kiwandani kiwe kimewekwa 60. Anayeingia apewe angalau sekunde 30 za kubonyeza namba. King'ora kikishaanza, ishara isubiri kati ya sekunde 15 na 45 kabla ya kutumwa kituo cha uangalizi, ili aliyekosea azime mwenyewe. Simama mlangoni mikono imejaa mizigo, mtoto analia, funguo mdomoni, uone kama sekunde ulizowekewa zinakutosha.

Ukimaliza usafi huu, makosa yatakayobaki ndiyo ya kuchagulia njia.

Njia ya kwanza: simu mbili

Kituo cha uangalizi kikipata ishara kinampigia mwenye nyumba. Asipopokea, kinapiga namba ya pili iliyo tofauti, na hapo tu ndipo polisi wanaitwa.

*Kosa linalonaswa.* Hasa la watu. Kijana amerudi mapema kutoka shule, amesahau namba ya siri, king'ora kinamtetemesha mlangoni. Simu inamfikia mama yake, anataja neno la siri, jambo limekwisha. Kwa kosa la kifaa katika jengo tupu, njia hii ni dhaifu, kwa sababu mwenye jengo aliye mbali hajui zaidi ya anayempigia.

*Muda.* Dakika chache, kutegemea simu inaita muda gani.

*Panapokwama.* Kwenye namba zenyewe. Nimeona orodha ambayo namba ya pili ni ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani, na nyingine ambayo namba zote mbili ni za mume na mke wanaolala chumba kimoja na kuzima simu pamoja. Halafu kuna wasiopokea namba wasiyoijua. Hifadhi namba ya kituo kwa jina linalokushtua ukiliona.

*Inachokudai.* Fedha kidogo sana, usingizi mara kwa mara.

*Polisi wanaambiwa nini.* Simu zisipopokelewa, wanaambiwa tu kwamba hakuna aliyepokea. Ni taarifa nyembamba.

*Inamfaa nani.* Familia yenye watu wanaoingia na kutoka saa tofauti, na ofisi ndogo ambayo watu wake wanajuana kwa sauti.

Njia ya pili: vitambuzi viwili vikubaliane

Mantiki yake naipenda. Mwizi akiingia kwa mlango lazima atembee. Puto linaweza kupita mbele ya kitambuzi usiku kucha, lakini haliwezi kufungua mlango kisha likatokea koridoni. Kwa hiyo kitambuzi cha kwanza kinaliza king'ora na kumpa taarifa mwenye jengo, na polisi wanaitwa pale cha pili, kilichojitegemea, kinapogundua kitu ndani ya muda uliopangwa. Nchini Uingereza uthibitisho wa namna hii umewekewa kiwango chake, BS 8243.

Usichanganye jambo hili na kitambuzi kimoja chenye teknolojia mbili ndani, joto na mawimbi ya maikrowevu. Hicho ni kizuri na kinapunguza makosa, lakini bado ni shahidi mmoja.

*Kosa linalonaswa.* La vifaa: buibui, jua, sumaku iliyolegea. Kwa kosa la binadamu haisaidii kitu. Mfanya usafi aliyefika alfajiri bila kujua namba ya siri anafungua mlango, anapita koridoni, anaingia jikoni, na vitambuzi vitatu vinakubaliana vizuri kabisa kwamba kuna mtu. Na kweli yupo.

*Muda.* Hakuna mtu anayesubiriwa kupokea simu. Kinachosubiriwa ni mwizi apige hatua.

*Panapokwama.* Mwizi anayevunja dirisha, akachukua kilicho karibu na kuondoka, huenda asimfikie shahidi wa pili. Chumba kimoja chenye kitambuzi kimoja hakiwezi kutumia njia hii mpaka kiongezwe. Mpangilio wa vitambuzi ndio roho yake: kimoja mahali pa kuingilia, kingine njiani kuelekea kitu chenye thamani.

*Inachokudai.* Vitambuzi vya ziada na fundi anayeelewa anachofanya. Faragha haiguswi.

*Polisi wanaambiwa nini.* Njia aliyopita mtu: mlango wa nyuma, kisha koridoni, kisha stoo. Hawaambiwi ni nani.

*Inamfaa nani.* Jengo lenye vyumba kadhaa linalobaki tupu usiku: shule, ofisi, maktaba, nyumba ya ibada.

Njia ya tatu: picha au sauti

Kitambuzi kikishtuka, kamera iliyo pamoja nacho inatuma picha au video ya sekunde chache kwa mwangalizi, au maikrofoni inafunguka asikilize. Anaona paka, anafuta tukio. Anaona mtu anavunja droo, anaita polisi huku akiendelea kutazama.

*Kosa linalonaswa.* La vifaa karibu lote, na sehemu kubwa ya lile la watu. Nasema sehemu kubwa kwa sababu mwangalizi hamjui shemeji yako. Mtu mgeni kwake aliyesimama sebuleni amevaa kofia anaweza kuwa mwizi na anaweza kuwa mgeni wako wa wikiendi. Ndiyo maana vituo makini huunganisha picha na simu.

*Muda.* Mfupi, ikiwa mwangalizi hajazidiwa na kazi.

*Panapokwama.* Giza pasipo taa ya miali isiyoonekana, kona ambayo kamera haiifikii, na intaneti. Hili la mwisho husahauliwa mno. Kamera ina betri, lakini kisanduku cha intaneti kimechomekwa ukutani bila akiba yoyote, umeme ukikatika jicho linafumba. Uliza kama picha zinaweza kupita kwenye mtandao wa simu za mkononi.

*Inachokudai.* Hapa kuna uzito wa kweli. Fedha zaidi za kununua, za kila mwezi na za matunzo, na juu yake faragha. Wewe ukiwa nyumbani na nguo za kulalia, ni nani anaweza kufungua kamera ile? Picha zinakaa wapi, kwa muda gani? Kuna mifumo ambayo kamera haifunguki mpaka king'ora kiwe kimewashwa na kitambuzi kimeshtuka, na mimi nisingekubali pungufu ya hapo ndani ya nyumba ya kuishi. Maikrofoni nayo, sehemu nyingine zina sheria kali za kusikiliza watu bila ridhaa yao.

*Polisi wanaambiwa nini.* Kingi kuliko njia nyingine za kiufundi. Marekani kuna kiwango kiitwacho AVS-01 kinachopanga taarifa kwa ngazi, kuanzia 0, ambapo polisi hawahitajiki, hadi 4, ambapo uhai uko hatarini. Ngazi ya 2 ni mtu kuwapo, ya 3 ni mtu huyo kuonekana anatishia mali. Picha ndiyo inayoweza kumpandisha mwangalizi kutoka "sijui" hadi ngazi hizo.

*Inamfaa nani.* Duka, ghala, eneo la ujenzi, jengo lenye vitu vya thamani, na mtu ambaye polisi wa mji wake hawaji bila ushahidi.

Njia ya nne: mlinzi anafika kwanza

Kampuni ya ulinzi inatuma mtu wake wa doria. Akikuta kufuli limevunjwa, anaita polisi. Akikuta shwari, anaandika ripoti na polisi hawajasumbuliwa.

*Kosa linalonaswa.* Yote, ya watu na ya vifaa. Ndiyo njia pekee ambayo mtu anatumia macho, masikio na pua mahali penyewe, na anaweza hata kufunga dirisha lililoachwa wazi.

*Muda.* Umbali ndio unaoamua. Mlinzi aliye mtaa wa pili anaweza kuwahi kuliko gari la polisi. Aliye upande mwingine wa mji, usiku ambao amepewa majengo mengi, atafika mwizi akishaoga na kulala.

*Panapokwama.* Usalama wa mlinzi mwenyewe. Naomba hili lisipitwe haraka. Tunapompunguzia askari mzigo hatuna haki ya kumtupia mtu mwenye tochi na mshahara mdogo. Mkataba useme wazi kwamba anakagua kutoka nje, haingii peke yake akiona dalili ya uvunjaji, na ana mtu wa kuwasiliana naye redioni muda wote. Hali ni ileile kwa jirani au ndugu aliyeachiwa funguo: kazi yake ni kutazama kwa mbali na kupiga simu.

*Inachokudai.* Ada ya kudumu, na kumwamini mtu na funguo.

*Polisi wanaambiwa nini.* Ushahidi wa macho, ulio mzito kuliko yote.

*Inamfaa nani.* Majengo yaliyo karibu karibu yanayoweza kuchangia doria moja, na mali ya thamani iliyo mahali ambapo kampuni ina watu jirani.

Pengine mji wako umeshakuamulia

Kuna sheria zinazopunguza uhuru wa kuchagua. Miji mingi hutoza faini baada ya makosa kadhaa. Uingereza, king'ora kilichosajiliwa kuitikiwa na polisi kikipiga makosa matatu ndani ya miezi 12, huduma hiyo inasitishwa mpaka kirekebishwe. Salt Lake City, Marekani, ilianza Desemba 2000 kudai uthibitisho wa mtu aliyeona kabla ya kutuma askari, na miito ya ving'ora ikapungua kwa takribani asilimia 90. Toronto, Kanada, ilifuata mkondo huo Septemba 2018, ikikubali picha, sauti, vitambuzi zaidi ya kimoja au shahidi. Seattle, Marekani, iliingia Oktoba 2024, baada ya mwaka 2023 kupokea miito kama 13,000 ambayo chini ya asilimia 4 yake ilionekana kuwa na uhalifu.

Wapinzani wa sheria hizi wana hoja yenye uzito: asiye na uwezo wa kulipia kamera wala mlinzi anabaki nyuma ya foleni. Lakini foleni ya sasa nayo ina aliyebaki nyuma, ambaye ni yule mtu aliyekuwa akimsubiri askari wangu wakati tunaangalia puto.

Kwa hali yako

Kama unaishi na familia na kumbukumbu zinaonyesha makosa ya asubuhi na jioni, anza na muda wa kutoka na simu mbili, tena namba ya pili iwe ya mtu wa nyumba nyingine. Huna haja ya kununua kitu bado.

Kama unasimamia jengo linalolala tupu na makosa yako ni ya usiku wa manane, vitambuzi viwili vitakupa nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Watu wenye funguo wakiwa wengi, ongeza simu, na kila mmoja apewe namba yake ya siri ili kumbukumbu ziseme nani wa kufundishwa upya.

Kama una duka au ghala lenye vitu vinavyobebeka haraka, vitambuzi viwili peke yake vinaweza kuchelewa. Chukua picha, na ulinde intaneti yako kwa betri.

Kama uko mbali na kituo cha polisi lakini kampuni ya ulinzi iko jirani, pima mlinzi kwa saa, si kwa ahadi: omba wakuonyeshe muda waliofika kwenye matukio ya miezi mitatu iliyopita, ya usiku na ya mchana.

Kama mji wako unadai ushahidi, soma kwanza wanachokiita ushahidi. Mahali pengine vitambuzi viwili vinatosha, pengine hawakubali chochote isipokuwa jicho la mtu.

Na kama unaishi peke yako, au unafanya kazi ya kushika fedha, kitufe cha dharura kitenge na haya yote. Mtu akikibonyeza amekwisha thibitisha mwenyewe. Hata Salt Lake City iliendelea kutuma askari moja kwa moja kwa miito ya namna hiyo. Kazi yako ni kukiweka mahali ambapo kiwiko hakikigusi wala mtoto hakifikii, na kumwonyesha kila anayekaa hapo, kwa kidole, kwamba kile kinaita watu kweli.